Je, Mgonjwa Ajiona Ana Watu?
Somo juu ya kupima msaada



Katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia palikuwa na daftari la wagonjwa. Kila mzee wa usharika aliyekwenda kumtazama mgonjwa aliandika jina lake, siku aliyokwenda, na kitu alichopeleka: unga, sabuni, sukari, au nauli ya kwenda hospitali. Mwisho wa mwezi tulihesabu mistari ya daftari, na tulipoiona kuwa mingi tulifurahi. Mama mmoja mjane, aliyeugua ugonjwa wa siku nyingi, jina lake liliandikwa mara 11 katika mwezi mmoja. Tukasema mioyoni mwetu, "Huyu hakosi kitu."

Siku moja mmoja wetu alibaki nyuma, wenzake walipokwisha kuaga, akamwuliza, "Mama, je, una mtu?" Mama akakaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Mwalimu, watu waja, nami nawashukuru. Lakini wakiisha kwenda, neno langu hubaki nami vile vile. Sina mtu."

Jibu hili lilituaibisha. Daftari halikusema uongo, maana wageni 11 walifika kweli, na unga uliletwa kweli. Walakini daftari lilipima kitu kimoja, na mama alikuwa akikosa kitu kingine. Tangu siku ile tulitaka kujua: kile kingine, kisichoonekana kwa macho, chaweza kupimwa? Madaktari na wenye elimu ya nafsi, yaani wachunguzi wa mawazo na mioyo ya watu, wamelitafuta neno hili kwa miaka mingi. Leo tujifunze waliyoyapata, tuone na faida yake kwetu sisi tunaokwenda kuwatazama wagonjwa.

I. Mambo matatu yasichanganywe

Tukisema "mtu huyu ana msaada," twaweza kuwa na maana tatu mbalimbali. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, Manuel Barrera, alizitenga maana hizo waziwazi.

Ya kwanza ni watu waliofungamana naye: ana mume au hana, ana watoto wangapi, ana jirani, ni mwanachama wa chama au wa usharika. Haya huhesabika kama mtu ahesabuvyo nguzo za nyumba.

Ya pili ni matendo aliyotendewa: nani alimletea maji, nani alimpeleka hospitali, nani alimkopesha fedha. Daftari letu lilikuwa la namna hii.

Ya tatu ni yale anayoyasadiki yeye mwenyewe moyoni: kwamba yuko mtu ampendaye, na ya kuwa siku ya shida atapata wa kumkimbilia. Hii ya tatu ndiyo tunayojifunza leo. Tutaiita msaada aujuao moyoni.

Mtu asidhani kwamba mambo haya matatu ni mamoja. Yuko mwenye jamaa 40 ambaye hana hata mmoja wa kumweleza siri yake. Yuko naye mzee aishiye peke yake, mwenye rafiki mmoja tu ng'ambo ya mto, na kwa ajili ya rafiki huyo alala usingizi bila hofu. Wazee wetu walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Basi mtu humjua rafiki huyo hata kabla ya dhiki kuja, na kule kujua kwenyewe ni msaada.

II. Kwa nini madaktari wajishughulishe na neno hili?

Mwaka 1976 daktari Sidney Cobb wa Marekani aliandika kwamba msaada ni ile habari impayo mtu kusadiki mambo matatu: kwamba anapendwa na kutunzwa, kwamba anaheshimiwa, na kwamba yumo katika jamii ya watu wanaowajibiana. Angalieni, alisema ni habari ya kusadikiwa. Hakusema ni mali, wala hakusema ni hesabu ya ziara.

Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika wilaya ya Alameda, jimbo la California. Watu wazima 6,928 waliulizwa habari zao mwaka 1965, kisha wakafuatwa kwa miaka 9 ijulikane nani amekufa na nani yu hai. Wale waliokuwa na mafungamano machache na wenzao walikufa zaidi kuliko wale wenye mafungamano mengi: wanaume karibu mara 2.3, wanawake karibu mara 2.8. Tofauti hiyo ilibaki hata walipoangalia pia uvutaji wa tumbaku, unywaji wa pombe na afya waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Baadaye, mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya pamoja chunguzi 148 zenye watu 308,849. Walipozipima zote waliona ya kuwa wenye mafungamano mema na wenzao walikuwa na bahati ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wengine kwa sehemu 50 katika 100. Basi jambo hili si la huruma tu. Ni jambo la uzima na mauti.

Lakini Alameda walihesabu nguzo za nyumba; hawakumwuliza mwenye nyumba kama anaona baridi. Mwaka 1985 Sheldon Cohen na Thomas Wills walisoma chunguzi nyingi za wenzao, wakaona tofauti moja kubwa. Kuwa na watu wengi humfaa mtu siku zote, siku njema na siku mbaya. Lakini wakati wa mateso makali, kitu kinachomkinga hasa ni kule kusadiki kwamba msaada unaomfaa upo akiutaka. Kusadiki huko ni kama ukuta wa kuzuia upepo: upepo haukomi kuvuma, bali mwenye nyumba hatetemeki sana.

III. Kipimo cha maneno 12

Kitu kilichomo moyoni hakipimiki kwa kukitazama. Hapana budi kumwuliza mwenyewe. Vipimo vya namna hii ni vingi. Tutaje kimoja cha mwaka 1991, chenye maswali 19, kilichotungwa na Cathy Sherbourne na Anita Stewart kwa ajili ya wagonjwa wa magonjwa ya siku nyingi. Lakini kinachotumika katika nchi nyingi sana ni kile kilichotolewa mwaka 1988 na Gregory Zimet, pamoja na Nancy Dahlem, Sara Zimet na Gordon Farley. Tukitazame hicho.

Kina maneno 12 tu. Kila neno ni la kukiri au kukataa: kwa mfano, kwamba jamaa zangu hujitahidi kweli kunisaidia; kwamba naweza kuzungumza na rafiki zangu habari za shida zangu; kwamba yuko mtu mmoja awezaye kushiriki furaha na huzuni yangu. Mwenye kuulizwa huchagua namba moja katika 7. Namba 1 maana yake ni "sikubali kabisa." Namba 4 ni katikati, hakubali wala hakatai. Namba 7 ni "nakubali kabisa."

Maneno hayo 12 yamegawanyika mafungu matatu, kila fungu maneno manne: fungu la jamaa, fungu la rafiki, na fungu la mtu mmoja wa karibu sana, ambaye kila mtu anamjua mwenyewe moyoni mwake. Hesabu ya chini kabisa ni 12, ya juu kabisa ni 84. Ukigawanya kwa 12 utapata wastani ulio kati ya 1 na 7. Kwa desturi husemwa kwamba wastani usiofika 3 ni msaada mdogo, kutoka 3 hata 5 ni wa kadiri, na kupita 5 ni mwingi. Lakini mpaka huo ni wa mazoea tu, si sheria.

Tutwae mfano wa kujifunzia. Mgonjwa mmoja amejibu hivi: katika fungu la jamaa amesema 6, 6, 5 na 7, jumla 24, wastani 6. Katika fungu la rafiki amesema 2, 1, 2 na 3, jumla 8, wastani 2. Katika fungu la mtu wa karibu amesema 1, 2, 1 na 2, jumla 6, wastani moja na nusu. Jumla yote ni 38. Ukigawanya kwa 12 wapata 3 na kidogo. Anayesoma jumla peke yake atasema, "Ana msaada wa kadiri, tumwache." Lakini anayesoma mafungu ataona kwamba jamaa zake wampenda, walakini nje ya jamaa hana rafiki, wala hana mtu wa siri yake. Mtu huyu hana haja ya unga zaidi. Ana haja ya rafiki. Kwa hiyo tusiridhike na jumla. Tusome na mafungu.

IV. Twajuaje kwamba kipimo ni cha kweli?

Msomaji mwenye akili atauliza: maneno 12 yawezaje kupima moyo? Ni swali zuri. Kila kipimo hutakiwa kuthibitishwa kwa njia mbili.

Kwanza, kiwe imara. Mizani njema, ukipima mzigo ule ule leo na kesho, jibu ni lile lile. Zimet na wenzake walianza kwa kuwauliza wanafunzi 275 wa chuo kikuu cha Duke, kilichoko Marekani. Iko hesabu ionyeshayo kama maneno ya kipimo yaenda pamoja, ambayo ukamilifu wake ni 1. Wao walipata 0.88. Walipowauliza tena baadhi yao baada ya miezi miwili mitatu, ulinganifu wa majibu ulikuwa 0.85. Hii ni mizani imara.

Pili, kipime kitu kile kinachosemwa. Mchuuzi mwenye hila aweza kutia kitako cha uongo ndani ya kibaba. Kibaba hicho kitatoa kiasi kile kile leo na kesho, walakini si kibaba. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha kipimo na mambo mengine yajulikanayo. Katika wale wanafunzi walionekana ya kuwa wenye namba kubwa za msaada walikuwa na dalili chache za huzuni nzito na za wasiwasi. Jambo hili limeonekana tena na tena kwa watu wengine.

V. Pishi ya ugenini

Hata hivyo, wanafunzi wa Duke si watu wote. Wazee wetu walijua kwamba pishi ya soko hili huenda isilingane na pishi ya soko lile, kwa hiyo mwenye kununua huiangalia kwanza. Ndivyo ilivyo kwa kipimo hiki kikivuka bahari.

Tutazame neno "jamaa." Kwa mwanafunzi wa Marekani huenda ni baba, mama na ndugu wawili. Kwetu ni pamoja na shangazi, mjomba, babu, wakwe, na watoto wa ndugu tuliowalea. Mwanamke aliyeolewa mbali atauliza, "Jamaa gani, wa kwetu au wa kwa mume wangu?" Naye ana haki ya kuuliza, maana majibu yake yaweza kuwa mawili.

Tena tutazame yule mtu wa karibu. Ukisema kwa Kiswahili "mtu wa pekee," huyu atasikia mtu mpweke, asiye na mwenzi. Ukisema "mtu maalumu," yule atafikiri habari za mgeni wa heshima, au mchumba, naye ataona haya kujibu mbele ya mkwewe. Maana iliyotakiwa ni mtu yeyote, mume, dada, jirani au mwalimu, ambaye moyo wake na wako ni karibu.

Kwa sababu hiyo wachunguzi waangalifu hawafasiri tu na kuondoka. Mmoja hufasiri, mwingine asiyeyaona maneno ya asili huyarudisha katika lugha ya kwanza, kisha hulinganishwa. Baadaye watu wa kawaida huulizwa, "Umesikiaje neno hili?" Kazi ya namna hii imefanyika karibu nasi. Katika Uganda kipimo hiki kilitengenezwa kwa Kiganda kwa ajili ya akina mama waliojifungua, na habari zake zilitolewa mwaka 2009. Katika Malawi kilitengenezwa kwa Kichewa na Kiyao kwa ajili ya wanawake wenye mimba, na habari zake zilitolewa mwaka 2014. Huko Malawi walitafuta pia jinsi msaada unavyohusiana na huzuni nzito ya wakati wa mimba, na mateso ya mwanamke apigwaye na mumewe.

VI. Mahali pa kujihadhari

Kwanza, adabu zetu. Kwetu mtu mwenye homa akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," kisha ndipo aseme kwamba hajala tangu jana. Adabu hii ni njema, lakini huharibu kipimo. Mzee wa usharika aliyeleta sukari akiuliza, "Je, wasaidiwa?" mgonjwa atasema nini ila "Ndiyo, nashukuru"? Aletaye msaada asiwe ndiye aupimaye. Wala mgonjwa asiulizwe mbele ya watu ambao habari zao ndizo zinazoulizwa.

Pili, ugonjwa wenyewe huweza kujibu badala ya mtu. Aliye katika huzuni nzito huona kila mlango umefungwa, hata ule ulio wazi. Namba yake ndogo ni ya kweli, ndivyo aonavyo. Lakini haitoshi kuwahukumu jamaa zake kwamba wamemtupa. Upweke waweza kuzaa huzuni, nayo huzuni yaweza kuzaa upweke. Namba moja iliyochukuliwa siku moja haiwezi kutuambia ni ipi iliyotangulia.

Tatu, msaada mwingi si lazima ujulikane moyoni kuwa msaada. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walieleza habari za watu wawili wawili waishio pamoja, mmoja wao akijitayarisha kwa mtihani wa uwakili wa New York. Kila siku kila mmoja aliandika peke yake: huyu kama amesaidiwa, yule kama amesaidia. Ikaonekana kwamba msaada uliomfaa hasa ni ule ambao mtoaji aliuandika lakini mpokeaji hakuutambua. Msaada alioutambua mara nyingine ulimwongezea uzito wa moyo, labda kwa kuwa ulimkumbusha udhaifu wake. Nasi twajua jinsi masimango yanavyouchachusha uji mtamu. Ayubu naye aliletewa rafiki watatu waliokaa naye siku saba mchana na usiku. Katika daftari letu wangaliandikwa vizuri sana; lakini walipofungua vinywa vyao, walimwongezea maumivu.

VII. Yatupasayo sisi

Je, sasa kila mwalimu achukue kipimo cha maneno 12 na kwenda nacho nyumba kwa nyumba? Sivyo. Kipimo hicho ni cha hospitali na cha wachunguzi waliofundishwa, watumiao maneno yaliyokwisha kujaribiwa. Mama yule hatukumpima kwa namba. Lakini kipimo kimetufundisha namna ya kuuliza, na hilo twaweza kulichukua.

Tuulize habari za mafungu matatu mbalimbali: jamaa, rafiki, na mtu wa siri. Tuulize tukiwa wawili tu na mgonjwa, naye asiyeleta chakula ndiye aulize. Tusimwulize tu, "Nani alikuja?" bali, "Usiku ukizidiwa, utamwita nani?" na, "Nani ajua linalokusumbua?" Akijibu kwamba hana mtu, tusimkanushe kwa kumhesabia wageni wake. Neno lake ndilo kipimo. Tena tusitangaze tuliyoambiwa. Na mtu akisema kwamba hataki kuishi tena, tusingoje ziara ya pili. Tusimwache peke yake, tumpeleke kwa daktari siku ile ile.

Kwa habari za yule mama, wazee walikubali kupunguza ziara. Akaulizwa ni nani angependa aje. Akamtaja mwanamke mmoja, mjane kama yeye, ambaye jina lake halikuwako kabisa katika daftari letu. Huyo akaja kila Alhamisi na ukili wake, wakasuka pamoja, wakizungumza au wakinyamaza. Ugonjwa haukuondoka. Lakini miezi michache baadaye, mmoja wetu alipomwuliza tena swali lile la kwanza, alijibu mara moja, bila kunyamaza, akataja jina la mtu.

Daftari twalo hata leo. Tumeongeza safu moja tu mwishoni, yenye kichwa hiki: "Mgonjwa mwenyewe amesema ana nani?"

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Taja maana tatu za neno "msaada." Daftari la usharika wenu lapima ipi?
2. Kwa nini jumla ya namba 38 katika mfano wetu yaweza kumdanganya msomaji?
3. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mtasemaje "mtu wa karibu" bila kumwaibisha anayeulizwa?
4. Kwa nini aletaye msaada asiwe ndiye aupimaye?
5. Wewe mwenyewe ukizidiwa usiku, utamwita nani? Naye, je, ajua ya kuwa ungemwita?